Kikundi, waranti au bima ya kampuni? Ulinganisho kwa mwenye mtumbwi na mwenye biashara Mwanza

Karatasi yenyewe ninayo mpaka leo. Ni ukurasa wa daftari la kaunta, umechanika pembeni, na mwandiko ni wangu: "Mwanachama atachanga shilingi 10,000 kila mwezi. Mashine yake ikiibwa au ikizama atalipwa shilingi 3,000,000 ndani ya siku 14." Chini yake kuna sahihi kumi na mbili na alama tatu za dole gumba. Tulikuwa watu 40 kwenye mwalo mmoja (ufukwe ambako mitumbwi ya uvuvi hutia nanga) upande wa Ilemela, wenye mitumbwi ya dagaa pamoja na sisi akina mama tunaokausha na kuuza. Msimu ule mashine, yaani injini za mitumbwi, zilikuwa zinaibwa mfululizo. Mbalamwezi ikiwaka watu hawaendi ziwani, mtumbwi unalala ufukweni, na asubuhi mwenyewe anakuta nyuma kuko wazi, bolti zimekatwa kwa msumeno. Mimi nilikuwa katibu. Nikaipeleka karatasi kwa afisa maendeleo ya jamii ili tuiingize kwenye katiba. Aliisoma mara mbili, akaweka kidole kwenye neno "atalipwa".

"Dada katibu," akasema, "hapa hamjaandika kusaidiana. Hapa mmeandika bima, na bima ina leseni yake."

Nilitoka pale nimekasirika, nikidhani anatubania. Baadaye nilikaa na sheria, nikauliza wanaojua, nikaona kwamba alikuwa ametuokoa na deni ambalo tusingeweza kulilipa. Tangu hapo wenzangu wa mialoni na wa sokoni Kirumba huniuliza swali lile lile: nijiunge na kikundi, ninunue mashine yenye waranti, au nikate bima? Jibu linategemea hali ya mtu. Lakini huwezi kulinganisha vizuri kabla hujajua ni ahadi ipi kati ya hizo ambayo sheria inaihesabu kuwa bima, maana hapo ndipo haki yako inapoanzia.

Sheria inaangalia ahadi, si jina

Bima hapa Tanzania inaongozwa na Sheria ya Bima ya mwaka 2009, na msimamizi wake ni Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, yenye ofisi ya Kanda ya Ziwa hapa Mwanza. Msingi ni kwamba hakuna anayeruhusiwa kufanya biashara ya bima bila kusajiliwa na Kamishna wa Bima, na anayeifanya bila usajili anatenda kosa. Uiite mfuko, chama, udugu au umoja, jina halibadilishi kitu kama ahadi iliyomo ndani ni ya bima.

Mahakama za Uingereza zimelishughulikia swali hili kwa zaidi ya karne moja. Linatuhusu kwa sababu nchi yetu ilipokea misingi ya sheria ya Kiingereza kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920. Hukumu za baada ya hapo hazimfungi jaji wetu, lakini husomwa kwa heshima. Mwaka 1904, katika kesi iliyohusu kampuni ya Prudential, Jaji Channell alieleza alama ambazo wanasheria wanazitumia hadi leo. Kwanza, mtu analipa kitu, na kwa kulipa anapata haki ya kupewa fedha, au kitu chenye thamani ya fedha, siku tukio fulani likitokea. Pili, tukio hilo lina shaka ndani yake: ama halijulikani kama litatokea, ama halijulikani lini, kama kifo. Tatu, tukio lenyewe linamgusa mlipaji, yaani ana masilahi ndani yake. Hii ya tatu ndiyo inayoitenga bima na kamari. Ukiweka pesa kwamba mtumbwi wa jirani utazama, na wewe huna hata kasia ndani yake, hiyo ni kamari hata ukiiandikia hati yenye muhuri.

Kisha kuna neno "biashara". Kaka akimwambia mdogo wake kwamba nyavu zikipotea atamnunulia nyingine, hakuna atakayemuuliza leseni. Shida huja mtu au kikundi kinapoahidi hivyo kwa wengi, kwa utaratibu, mwezi baada ya mwezi, na kupokea malipo kwa ajili ya ahadi hiyo.

Sasa tulinganishe. Kila njia nitaiuliza maswali yale yale: unapata haki gani, unalipwa nini na kwa tukio lipi, mfuko una nguvu gani siku ya dhoruba, ugomvi unapelekwa wapi, na njia hiyo inamfaa nani. Kikundi nitakizungumza kwa urefu kuliko vingine, kwa sababu ndiko watu wengi wa mwaloni waliko na ndiko makosa mengi yanakofanyika.

KIKUNDI CHA KUSAIDIANA

Haki yako. Kikundi cha kusaidiana kilicho safi kisheria kinakupa nafasi ya kuomba, hakikuachii deni la kudai. Kuna kesi ya Uingereza iliyoripotiwa mwaka 1980 ambayo ningependa kila katibu wa kikundi aijue. Chama cha kuwatetea madaktari, Medical Defence Union, kilikuwa kinapokea ada za wanachama. Daktari akishtakiwa na mgonjwa, chama kiliweza kumwekea wakili na hata kulipa fidia kwa niaba yake. Serikali ikasema hiyo ni bima. Jaji Megarry akasema siyo, kwa sababu katiba ya chama haikumpa daktari haki ya kulipwa; ilimpa haki ya ombi lake kusikilizwa na kuamuliwa kwa haki, na uamuzi wa kutoa au kutotoa ulibaki kwa chama. Pasipo haki ya kudai fedha au kitu chenye thamani ya fedha, bima haipo.

Katiba yetu ilibadilika kwa kifungu kimoja. Palipoandikwa "atalipwa shilingi 3,000,000" tukaandika: "Kamati itasikiliza ombi la mwanachama na inaweza kumpa msaada kadiri ya uwezo wa mfuko." Baadhi ya wenzetu walinung'unika kwamba tumeinyonga ahadi. Ni kweli tuliipunguza. Lakini nawaambia na ninyi mnaofuata njia hii: msiandike "inaweza" kwenye katiba halafu mkasimama mwaloni na kipaza sauti mkitangaza "utalipwa". Makubaliano hupimwa kwa kiini chake, na lile mlilowaambia watu ili wajiunge ni sehemu ya kiini hicho.

Unacholipwa. Nguvu ya kikundi iko kwenye mambo ambayo kampuni haiyafanyi. Msiba ukitokea saa saba usiku, saa kumi na mbili asubuhi turubai limeshafungwa, sufuria zimefika, na kuna mtu ameshaondoka kwenda kutafuta gari la kusafirisha mwili. Hakuna fomu. Kikundi humsaidia pia mtu ambaye tatizo lake halina jina kwenye hati yoyote: mtoto amefukuzwa shule kwa ajili ya mchango, mume ametoroka, dagaa wameoza kwa mvua ya siku tatu mfululizo. Hao dagaa walioanikwa na kunyeshewa ni hasara inayowakumba akina mama kila masika, na kikundi ndicho kinachoielewa bila kuelezwa.

Nguvu ya mfuko. Hapa nawaomba mchukue kalamu. Watu 40 wakichanga 10,000 kila mmoja ni 400,000 kwa mwezi, yaani 4,800,000 kwa mwaka ikiwa hakuna anayechelewesha, na sijaona kikundi ambacho hakuna anayechelewesha. Ahadi yetu ilikuwa milioni tatu kwa kila mashine. Mashine mbili tu kwa mwaka ni milioni sita. Mfuko umeshazama kabla hatujafikia msiba hata mmoja.

Na hatari ya ziwa haiji kwa foleni. Upepo ukivuma usiku mmoja unawakuta wote wa mwalo mmoja, kwa kuwa wote wametoka pamoja wakifuata giza lile lile. Ziwa hili limetuonyesha mara mbili, tarehe 21 Mei 1996 na MV Bukoba, na tarehe 20 Septemba 2018 na MV Nyerere karibu na Ukara, jinsi linavyoweza kuchukua watu wengi kwa mpigo. Kuna vijiji ambavyo kila nyumba ilikuwa na msiba wake. Nani angemchangia nani? Kampuni ya bima inaikabili hatari ya namna hii kwa kuitawanya: ina wateja Mbeya na Tanga ambao upepo wa Ukerewe hauwagusi, na sehemu ya mzigo inaipeleka kwenye kampuni za bima mtawanyo, yaani zile zinazozikatia bima kampuni za bima zenyewe. Kikundi cha mwalo mmoja hakina pa kuutawanyia.

Ugomvi. Unaanzia kwenye mkutano mkuu, kisha kwa wazee au mtendaji, na mara nyingi unaishia hapo. Kikundi kikiweka akiba na kukopeshana kinaingia kwenye Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, daraja la nne, na lazima kisajiliwe kupitia halmashauri. Usajili huo unakupa katiba iliyo kwenye kumbukumbu na daftari linaloweza kukaguliwa. Haukupi leseni ya bima, ingawa nimewasikia viongozi wakiinua cheti cha halmashauri kana kwamba kinaruhusu kila kitu.

Kinamfaa nani. Anayehitaji msaada wa haraka kwenye misiba na shida ndogondogo, anayeishi na wenzake kwa kufahamiana, na ambaye hasara yake kubwa haivuki uwezo wa michango ya miezi miwili mitatu. Kwa mwenye mkopo wa benki juu ya mashine, kikundi peke yake hakitoshi.

WARANTI YA DUKA NA MKATABA WA MATENGENEZO

Haki yako. Unayo haki ya kudai, na inatokana na ununuzi wako. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa yenyewe inamdai muuzaji bidhaa yenye ubora unaokubalika na inayofaa kwa kazi uliyomweleza, hata kama hakukupa kadi yoyote. Waranti huongeza juu ya hapo: ndani ya muda fulani, kifaa kikiharibika kwa kasoro ya kiwandani, atakitengeneza au kukibadilisha.

Kwa nini hii siyo bima, wakati nayo inalipa kwa jambo lisilo na uhakika? Kwa sababu muuzaji anasimama nyuma ya ubora wa bidhaa yake mwenyewe, na ahadi imo ndani ya mauzo. Lakini mstari huo ni mwembamba. Muuza mashine akikuambia, "Ongeza laki mbili, ikiibwa au ikizama ndani ya mwaka nakupa nyingine," ameacha kuzungumzia ubora. Mwizi hakutengenezwa kiwandani. Hapo amebeba hatari ya nje kwa malipo ya pembeni, na alama alizotaja Jaji Channell zimeshatimia.

Wengine hujitetea kwamba hawalipi fedha, wanatoa huduma tu. Utetezi huo ulishagonga mwamba. Katika kesi iliyoripotiwa mwaka 1974, mahakama ya Uingereza ilichunguza chama kilichokuwa kinapokea ada za madereva na kuahidi kumpa dereva mwingine wa kumwendesha yule ambaye hawezi tena kuendesha, kwa mfano akinyang'anywa leseni. Hakuna fedha iliyotolewa mkononi, bado ikaamuliwa kuwa ni bima. Mwaka 2013 Mahakama ya Juu ya Uingereza ikasema vivyo hivyo kuhusu kampuni ambazo hazikuuza madishi ya satelaiti wala kuyaunda, ila ziliuza ahadi ya kuyatengeneza au kuyabadilisha yakiharibika. Fundi au duka lenye mpango wa "lipa kwa mwaka, kikiharibika kwa ajali tunakubadilishia" alifikirie hilo.

Mkataba wa matengenezo ya kawaida ni kitu kingine. Fundi anakuja kila baada ya miezi mitatu kumwaga oili, kubadilisha plagi na kukagua propela, mashine ikiwa nzima au mbovu. Huduma unaipata kwa hakika, hakuna tukio la kusubiri, kwa hiyo hakuna bima.

Unacholipwa. Kasoro ya kiwandani, basi. Soma kadi: zipo zinazokataa mashine iliyofunguliwa na fundi wa nje, iliyotumika na oili isiyopendekezwa, au iliyoingia maji kwa kupinduka. Mtumbwi ukipinduka, kadi hiyo haikusaidii.

Nguvu yake ni nguvu ya duka. Likifunga au mwenyewe akihama, umebaki na kadi. Ugomvi unaanzia kwa muuzaji, kisha Tume ya Ushindani, ambayo inashughulikia ulinzi wa mlaji, au mahakamani.

Inamfaa nani. Anayenunua kitu kipya cha thamani: mashine, jokofu la samaki, taa za sola, pampu ya umwagiliaji. Lipia zaidi kidogo upate muuzaji mwenye risiti ya EFD na karakana yake mwenyewe. Ila usiihesabu waranti kuwa kinga ya wizi wala ya dhoruba.

BIMA YA KAMPUNI ILIYOSAJILIWA

Haki yako. Hapa ndipo kuna deni halisi. Tukio lililoandikwa kwenye hati likitokea nawe ukiwa umetimiza masharti, kampuni inadaiwa. Haikusaidii kwa huruma. Kwa upande wako unadaiwa ukweli. Ukificha kwamba mtumbwi umeshawahi kupinduka, au ukisema ni wa abiria wachache kumbe unabeba dagaa na watu pamoja, umewapa sababu ya kukataa dai lako. Na usiseme umekatiwa bima kabla hujalipa ada: kinga inaanza ada ikishalipwa.

Unacholipwa. Bima ya mali hukurudishia hasara, haikutajirishi. Watu wengi huumia kwenye kukadiria thamani chini ili ada ipungue, kwa hiyo nitoe mfano. Mashine ina thamani ya milioni sita, wewe umeikatia bima ya milioni tatu. Imeharibika, matengenezo ni milioni mbili. Unategemea milioni mbili kwa sababu iko chini ya tatu. Hati nyingi za mali zina kanuni ya uwiano: uliikatia nusu ya thamani, utalipwa nusu ya hasara, yaani milioni moja, na hapo bado hawajakata kile kiasi cha kwanza ambacho mwenye bima hubeba mwenyewe.

Kuhusu wizi, tafuta sentensi inayosema wizi wa namna gani. Hati nyingi zinataka dalili za nguvu: kufuli iliyovunjwa, bolti iliyokatwa, mnyororo uliopasuliwa. Mtu aliyeiacha mashine bila kufuli akaikuta haipo anaweza kukataliwa. Kwa mvuvi hili si jambo dogo. Muulize wakala waziwazi: mtumbwi ukiwa ziwani usiku na wavuvi wakaporwa, hati inasemaje? Akijibu "usijali mama, ipo," mwombe akuonyeshe mstari wenyewe. Tegemea pia kuulizwa usajili wa chombo, leseni ya uvuvi na majaketi okozi. Asiye na karatasi hizo aanze na hizo.

Nguvu ya mfuko. Kampuni inasajiliwa ikiwa na mtaji unaotakiwa, hesabu zake zinakaguliwa, inapeleka taarifa TIRA, na hatari kubwa inazigawa kwenye bima mtawanyo. Hilo halimaanishi kila dai linalipwa haraka. Nimewaona watu wakizungushwa miezi kwa kukosa ripoti moja ya polisi. Ila unaposhindwa, unashindwa na mtu anayeweza kushtakiwa na mwenye msimamizi juu yake.

Gharama yake ni ada ya mkupuo, na kwa bima za mali kuna VAT juu yake. Kwa mwenye mtumbwi mmoja inauma, sitakudanganya.

Ugomvi. Unaanza kwa kuandika kwa kampuni, kisha TIRA, kisha Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ofisi iliyowekwa na sheria kwa ajili ya watu wasio na uwezo wa kesi ndefu, na mahakama ipo. Weka nakala ya kila kitu tangu siku ya kwanza.

Jambo moja la tahadhari, maana liliwahi kunigusa. Wakala mmoja alikuja mwaloni, anaongea vizuri, ana fulana yenye nembo, akakusanya ada kwa namba yake ya simu na kutuachia risiti za mkono. Nilipouliza, hati zetu hazikuwepo kwenye kumbukumbu za kampuni. Usilipe kwa namba binafsi ya mtu. Wakala naye husajiliwa, na hati halali huingizwa kwenye mfumo wa TIRA MIS ambako namba yake inahakikiwa. Kama simu yako si ya intaneti, mpe kijana wa duka la jirani akuangalizie kabla pesa haijatoka. Benki nyingi nazo huuza bima kama wakala, na mwenye akaunti anaweza kuanzia huko.

Inamfaa nani. Mwenye mkopo, mwenye mali ambayo ikipotea biashara imekufa, mwenye gari au bodaboda (hapa bima ya mtu wa tatu ni lazima kisheria, si suala la kuchagua), na mwenye duka la jumla lililobanana na mengine ambako moto wa jirani ni moto wako. Hamfai sana mtu ambaye hasara yake ya kawaida ni ya elfu hamsini hamsini. Ada na usumbufu wa madai vitamzidi.

Kikundi kikitaka kuahidi kweli

Vipo vikundi ambavyo "inaweza" haiwatoshi, nami nawaelewa. Mtu aliyechanga miaka mitano anataka kujua atapata nini. Mlango mnyoofu kuliko yote ni kikundi kununua bima ya kikundi kutoka kampuni iliyosajiliwa: kampuni inaahidi, kikundi kinakusanya ada za wanachama wake na kuziwasilisha, na kila mwanachama ana jina kwenye orodha iliyoambatishwa. Bima ya maisha na ya mazishi hupatikana kwa namna hii, na kwa watu wengi pamoja ada ya kila mmoja hushuka. Hapo kikundi kinabaki na mfuko wake wa hiari kwa mambo mengine.

Kikundi kikianza kutafuta wateja wa nje na kupokea kamisheni kinakuwa wakala, nacho kinahitaji usajili wa uwakala. Na kuanzisha kampuni yenu ya bima inawezekana kisheria, lakini kuna mtaji, wataalamu, na sharti kwamba angalau theluthi moja ya umiliki iwe ya Watanzania. Sharti hilo la mwisho mtalitimiza bila shida. Mtaji ndio utakaowarudisha nyumbani.

Wewe uko upande gani?

Kama una mtumbwi mmoja, huna mkopo, na mashine ni ya mtumba, ningeanza na kikundi cha hiari, mnyororo mzuri na kufuli, na akiba yako binafsi ya mashine. Akiba siyo bima, kwa kuwa hakuna aliyeibeba hatari yako, lakini haina fomu.

Kama mashine ni mpya na umekopa, kata bima kwa thamani kamili, dai waranti iandikwe kwenye risiti, na baki kwenye kikundi kwa ajili ya misiba. Njia hizi tatu hazigombani. Kila moja inajibu swali lake.

Kama wewe ni tajiri mwenye mitumbwi minne na vijana unaowalipa, suala la kuumia kwao kazini lina sheria yake. Mwajiri anadaiwa kujisajili Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Michango ya kikundi na bima ya chombo haviondoi wajibu huo.

Kama wewe ni mama wa dagaa unayeanika juani na kusafirisha gunia kwa basi au roli, hasara ya mvua bado nisingeitafutia kampuni. Turubai, kichanja cha kuanikia na kikundi vinatosha. Mzigo mkubwa wa kwenda mbali ni habari nyingine. Uliza bima ya mzigo safarini, na uulize ni nani anadaiwa roli likipinduka, wewe au msafirishaji.

Kama una duka la vifaa na unataka kuwapa wateja kinga ya wizi au ajali, usiibebe mwenyewe. Ongea na kampuni ya bima iwe ndiyo inayoahidi, nawe ubaki na waranti ya ubora.

Na kama wewe ni katibu mwenye karatasi kama ile yangu, imeshaandikwa ila bado haijasainiwa, angalia vitenzi vyake. "Atalipwa", "ana haki ya", "tutamfidia" pamoja na kiasi na tukio, hivyo ndivyo vya kuchunga. Ipeleke kwanza kwa afisa maendeleo ya jamii, kisha ofisi ya TIRA Kanda ya Ziwa. Uliza kwa maandishi, omba jibu kwa maandishi, na mpaka lije, msipokee mchango wa mtu yeyote kwa ajili ya ahadi hiyo.